Maki Foo ya Guyo

Kila mara jeshi likija Isiolo kuandikisha watu, wajukuu wangu na rafiki zao wa hapa Chechelesi hunijia na swali lile lile. "Cucu, wanapima nini?" Nawaambia: meno, miguu, macho, mbio. Ukiwa na pengo, rudi ukachunge mbuzi. Basi wanaangaliana meno hapo hapo uani kwangu kama watu wanaonunua ngamia, wananishukuru, wanaenda zao. Hakuna hata mmoja ambaye ameniuliza atafanya nini siku atakayopewa bunduki. Hilo wanadhani wanalijua, kwa sababu wameliona kwenye simu.

Hamlijui. Ndiyo maana nimeandika. Shule mimi niliiachia darasa la tano, kwa hivyo anayetaka Kiswahili cha mtihani amtafute mwalimu. Mimi nina cha stoo.

Stoo ya silaha ndipo nilipofanya kazi mpaka nikastaafu. Jeshini niliingia kwa sababu ya cherehani. Mikanda ya bunduki ilikuwa imechakaa, nikapelekwa stoo niishone, na Sajini Mutiso, mkubwa wa stoo, akakataa kunirudisha nilikotoka. "Huyu mama haongei ovyo," aliwaambia wakubwa, "na tangu aje, mafuta ya taa hayaishi haraka." Sijawahi kupata sifa nyingine kubwa kuliko hiyo na sikuihitaji.

Mutiso alikuwa Mkamba mfupi, shingo hana, mikono yake inanuka chuma hata akitoka kuoga. Siku ya kwanza alinipa bunduki akaniuliza, "Iko na risasi ama haina?" Nikavuta bolti nyuma, nikachungulia, nikasema haina. Akasema, "Umeangalia. Sasa ingiza kidole." Nikaingiza kidole pale risasi inapokaa, nikapapasa. Hakuna kitu. "Macho yako yamelala vibaya, yamelia, yamemwaza mume wako," akasema. "Kidole hakina mume." Nimeshika bunduki kwa miaka mingi na sijawahi kuipokea kutoka kwa mtu, hata kwa Meja mwenyewe, bila kuingiza kidole. Wengine walikasirika. Wakasirike. Aliyekasirika yuko hai.

Bunduki zenyewe zilikuwa zile za zamani za Waingereza, tukiziita Maki Foo. Nyinyi mmezoea kuona hizi za plastiki na chuma chembamba. Maki Foo ilikuwa mbao kutoka kitako mpaka karibu na mdomo, nzito kama mtoto wa miezi sita, na kila risasi lazima uvute bolti kwa mkono na kuirudisha. Ikilia, inakupiga bega kama punda aliyeguswa tumbo. Wakati huo vikosi vilikuwa tayari vina silaha mpya. Hizi zilibaki kwa gwaride na kwa makurutu walioletwa kwetu Isiolo kujifunza kupiga shabaha na kulala porini. Wakubwa walisema kurutu akiweza kuitunza Maki Foo ataweza kutunza chochote, hata mke.

Si kweli, lakini tuliendelea.

Kwenye kitako chake, nyuma, kulikuwa na kifuniko kidogo cha shaba. Ukikifungua kuna shimo la kuwekea chupa ya mafuta na kamba ya kuvuta kitambaa ndani ya mtutu. Hilo shimo limeniletea vituko. Nimetoa humo tumbaku. Nimetoa majani ya miraa yaliyokauka yakawa kama chai. Kurutu mmoja aliweka sukari, kwa sababu sukari ya kambi ilikuwa ikiibwa, na siku ya ukaguzi akasimama wima mbele ya Meja huku siafu wanatoka kwenye bunduki, wanapanda mkono wake, wanaingia kwenye mkono wa shati. Hakutikisika. Meja akamsifu kwa nidhamu. Alipotuambia tawanyikeni, yule kijana alivua shati kabla neno halijaisha.

Tena risasi za zamani zilikuwa na chumvi chumvi ya baruti inayokula chuma. Ukishapiga shabaha, kabla ya kupaka mafuta, lazima umwage maji yanayochemka ndani ya mtutu. Mtutu unapata moto, maji yanakauka yenyewe, ndipo unapitisha kitambaa. Kazi rahisi. Kijana mmoja akaambiwa akachukue maji ya moto jikoni, akarudi na birika, akamwaga. Nikasikia harufu ya tangawizi. Alikuwa amemwaga chai ya maziwa.

"Kwa nini chai?" Mutiso akamuuliza.

"Afande, ndiyo ilikuwa imechemka zaidi."

Tulisugua ule mtutu mpaka Mutiso akasema ukipigwa na hii hutakufa, utashiba.

Sasa niwaambie kuhusu mbao, maana hapo ndipo hadithi yangu ilipo. Mbao ni kitu kilichowahi kuwa hai na hakisahau. Huku kwetu, upepo wa kiangazi unamaliza maji ya kila kitu, na mbao za zile bunduki zilikuwa zinanywea. Zikinywea, skrubu zinalegea, mtutu unacheza, unalenga jiwe unapiga mbingu. Ndiyo maana kulikuwa na mafuta maalumu ya kupaka, ya mbegu za kitani, yanakuja kwa madebe. Unaweka tone kiganjani, unasugua mbao mpaka kiganja kinakuwa moto. Hayashiki vumbi, hayanuki sana, yanaingia yanakaa. Mwaka ninaousema, madebe hayakuja. Tukaandikia wakubwa, wakubwa wakasema subirini, na mbao hazijui kusubiri.

Makurutu wakapelekwa kulala porini upande wa Leparua, kila mmoja na Maki Foo yake. Mimi na Mutiso tukabaki mjini na stoo. Kati ya wale vijana kulikuwa na mmoja anaitwa Guyo, Mborana wa Kinna, mrefu, mpole, anasali kila sala, na shabaha anapiga kama mtu anayenyoosha kidole. Alikuwa karibu kumaliza mafunzo. Koplo wao alikuwa Mwirigi, Mmeru, mtu wa kwetu kabisa, tena mdomo wake haukuwa na mlango.

Asubuhi moja simu ya upepo ikalia. Bunduki ya Guyo haipo.

Ninyi hamwezi kujua maneno hayo yana uzito gani. Ukipoteza buti, unalipa. Ukipoteza bunduki, kombania nzima inakaa chini, hakuna chai, hakuna kuoga, hakuna mtu kutoka mpaka ipatikane. Mahali pengine watu wangesema imepotea. Huku Isiolo, na hii vita ya mifugo, bunduki haipotei. Inauzwa.

Tulifika na lori tukakuta makurutu wamekaa safu chini ya jua, midomo mikavu. Guyo yuko peke yake, amesimama, kofia amevuliwa, mkanda wa kiunoni amevuliwa. Alieleza tena mbele yetu. Aliamka alfajiri, akateremka kwenye laga, ule mto wa mchanga, kutia udhu, bunduki akaiacha chini ya blanketi. Aliporudi, blanketi lilikuwa pembeni na bunduki hakuna. Wenzake wamelala. Mlinzi alikuwa upande wa pili, hakuona mtu.

"Ulikuwa unasali sala gani, Guyo?" Koplo Mwirigi akamwambia. "Ya kuiaga?"

Wengine wakacheka kidogo, cheko la watu wenye njaa.

"Sikuuza, afande."

"Nimesema umeuza? Umesema mwenyewe. Mimi nasema mjomba wako kule Kinna amepata zawadi."

Mutiso akamwambia, "Koplo, funga hiyo bakuli." Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na Meja alikuwa amelisikia. Meja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayeulizwa na wakubwa wake kila baada ya muda mfupi, bunduki iko wapi. Akatoa amri: kama haijapatikana mpaka kesho asubuhi, magari yanaenda Kinna kupekua nyumba kwa nyumba, na Guyo anapelekwa mahakama ya kijeshi.

Mnajua nyumba ikipekuliwa inavyokuwa. Guyo alikuwa anatazama mbele tu, wima, lakini aliposikia Kinna, akageuza kichwa ghafla kumtazama Meja. Mama yake yuko huko, na dada zake wawili, na baba mzee asiyeona vizuri. Niliwaza: huyu hataki kuokolewa yeye. Anaogopa buti mlangoni kwa mama yake.

Kutafuta walikuwa wametafuta tangu alfajiri. Ila walitafuta kama jeshi. Kombania nzima imepiga buti kila mahali, vichaka vimelazwa, mchanga wa laga umevurugwa kama zizi. Kama kulikuwa na alama ya mguu wa mwizi, sisi wenyewe tuliifuta.

Mchana nikachukua jerikeni niende kisimani, maana Mutiso anakasirika zaidi akiwa na kiu. Pale kisimani kulikuwa na bibi mmoja Mturkana na punda wake, shanga shingoni mpaka kidevuni. Aliponiona akaacha kuteka. Akanitazama kuanzia buti mpaka kofia, akarudi chini tena.

"Wewe ni mama ama askari?" akaniuliza.

"Vyote viwili."

"Haiwezekani. Askari anapiga. Mama hapigi."

"Mimi mama napiga pia," nikamwambia. "Uliza watoto wangu."

Akacheka, meno ya chini hana, akapiga punda wake mgongoni kana kwamba punda ndiye aliyesema. Kisha cheko likaisha ghafla. Akaangalia upande wa kambi, akasogea, akaongea kwa Kiswahili chake cha kuokota njiani.

"Iko kitu ya serikali. Kule kwa mawe. Mimi hapana shika. Mimi naona tu."

"Kitu gani?"

Akanyoosha mkono kama mtu anayelenga.

Nikamuuliza nani aliileta. Akanitazama kama mtu anayeulizwa nani alileta mvua.

"Fisi."

"Fisi gani?"

"Fisi! Ya kula!" Akaonyesha taya kwa mikono miwili. "Lakini mimi nikisema kwa askari, askari atasema fisi ni kijana yangu."

Hapo alisema kweli tupu. Alikuwa na watoto wa kiume watatu, na askari wenye njaa wakiambiwa bunduki imeonekana karibu na boma lake, hawangetafuta fisi. Nikamwambia anisubiri. Nikarudi kwa Mutiso, nikamvuta kando, nikamwambia yote. Nikamwambia tukienda na kombania, huyu bibi hatatuonyesha kitu, atatuonyesha milima.

Mutiso akafikiri. Akavua kofia. "Tunaenda wawili," akasema, "nyuma ya punda. Na tukibeba maji yake tutaonekana watu."

Ndivyo tulivyokwenda, sajini wa jeshi na jerikeni mabegani, mimi nyuma yake, bibi mbele anamtukana punda kwa Kiturkana. Hakutupeleka bomani kwake. Alitupeleka kwenye mawe fulani yenye mapango madogo, akasimama mbali, akaelekeza kwa mdomo. Chini ya kichaka cha miiba, katikati ya mifupa na kipande cha kiatu cha mtu, Maki Foo ilikuwa imelala kifudifudi. Mkanda wote ulikuwa umeliwa, zimebaki pete za shaba peke yake. Kitako kilikuwa na meno, mashimo makubwa makubwa, kama hindi lililotafunwa na mtu asiye na haraka.

Nikavuta bolti, nikaingiza kidole. Haina risasi. Kidole kikatoka kinateleza. Nikakinusa, nikampa Mutiso anuse.

"Hii ni kondoo," Mutiso akasema.

"Mafuta ya mkia," nikamwambia.

Tukamgeukia bibi. Alikuwa amekaa chini anacheka mpaka shanga zinalia.

Kambini, bibi na punda wake wakiwa wametufuata, Meja aliichukua ile bunduki, akaigeuza, akaona meno, akaona namba yake. Guyo akaletwa. Mutiso ndiye aliyemuuliza.

"Kijana, umeipaka nini hii?"

"Mafuta, afande."

"Ya nani?"

"Ya mama." Akameza mate. "Mafuta ya kitani yaliisha, mbao zikaanza kupasuka. Kwetu mti ukipasuka unapakwa mafuta ya mkia. Chombo cha maziwa, fimbo, kila kitu. Fimbo ya baba ni ya zamani kuliko mimi na haijapasuka mpaka leo."

"Fimbo ya baba yako inalala wapi?"

"Nyumbani, afande."

"Na hii?"

Guyo akaangalia kitako kilicholiwa. "Porini, afande."

"Umepaka na mkanda?"

"Mkanda nao ulikuwa mkavu."

Niliwahi kuona watu wakijizuia kucheka kanisani, lakini sijaona kama siku ile. Meja aligeuka akatazama mlima kwa muda. Kijana alikuwa ameandaa bunduki ya serikali kama nyama ya Idi, akaiweka chini ya blanketi, akaenda kunawa. Fisi gani angepita?

Meja akamuuliza bibi anataka nini kwa wema wake. Bibi akasema tumbaku. Akapewa tumbaku, sukari na blanketi. Akapokea, akamtazama Guyo, Mborana, mtu wa watu ambao Waturkana hawasalimiani nao vizuri, akaniambia nimtafsirie ingawa alisema Kiswahili: "Ambia mama yake asitume mafuta tena. Fisi ya huku inatosha."

Basi Meja akasema bunduki imepatikana, magari hayaendi Kinna, watu wakanywe chai. Makurutu wakaanza kuinuka. Nasi tulidhani imekwisha.

Guyo hakutoka pale aliposimama.

"Afande, naomba kusema."

"Sema."

"Isemwe."

"Isemwe nini? Bunduki si hii hapa?"

"Bunduki imerudi, afande. Mimi bado." Sauti yake ilikuwa ya chini, ilibidi watu wanyamaze waisikie. "Nimekaa na hawa siku nzima wakiniangalia mikono. Wakinywa chai sasa hivi, watasema Guyo ana bahati. Hawatasema Guyo hakuuza."

Jeshini kurutu haongei hivyo na Meja. Nilimwona Mutiso akifumba macho. Meja akagonga kile kitako kwa kucha, mara mbili tatu. Mwishowe akaita gwaride. Kombania nzima, njaa na kiu na yote, wima. Akamwita Koplo Mwirigi mbele.

"Koplo. Uliwaambia hawa jambo asubuhi. Sasa waambie lingine. Kwa sauti ya gwaride."

Mwirigi alipata rangi ya matofali. Akavuta pumzi, akapaza sauti ambayo nadhani Meru walisikia:

"Kombania! Kurutu Guyo! Hakuuza! Bunduki!" Akasita. Meja hakumwondolea macho. "Bunduki! Ilichukuliwa! Na fisi!"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Kisha kwenye safu ya nyuma mtu akatoa sauti ndogo kama ya nguruwe, wa pili akaidaka, na kombania nzima ikavunjika. Walicheka mpaka wengine wakashikilia bunduki zao kama vijiti vya wazee. Guyo mwenyewe alicheka, machozi yakamtoka, hakuyafuta kwa sababu alikuwa bado wima. Hata Mwirigi, mbele pale, mabega yalianza kucheza. Baada ya hapo hakuna mtu aliyelitaja lile neno la mjomba tena.

Wajukuu zangu wakifika hapa wanasema, "Basi Cucu, akasamehewa." Nani amewaambia? Jeshi si harambee. Aliacha silaha bila mtu, na aliipaka kitu kisicho cha serikali. Meja alimsomea makosa hayo mawili jioni ile ile, akampa siku za selo na kazi ya ziada, na mwenye kumsindikiza akawa Koplo Mwirigi, kwa kuwa ndiye koplo wake.

Niliwaona wakipita mbele ya lori letu. Mwirigi nyuma, mnyonge, anatazama chini. Guyo mbele, kifua nje, mikono inapaa, miguu inapiga ardhi kama siku ya kuhitimu.

"We, polepole," Mwirigi akamwambia. "Unapelekwa selo, hupelekwi kuoa."

"Nakwenda kwa kosa langu, afande," Guyo akasema, bila kupunguza mwendo. "Acha nitembee."